Safari ya Mafia kwenye daftari la hesabu

Daftari lenyewe ni la hesabu, la mraba mraba, lililobaki na kurasa nyingi shule ilipofungwa. Mama aligeuza upande wa nyuma, akachukua kalamu nyekundu ya kusahihishia, akaandika juu kabisa: MAFIA. Chini yake akapiga mistari na kupata safu tatu: nauli, dawa, maswali. Safu ya nauli ilijaa siku ya kwanza, ya dawa siku ya pili. Ya maswali inaongezeka mpaka leo.

Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa. Mumewe anaendesha trekta kwenye mashamba ya miwa. Wana watoto wawili, binti wa miaka tisa na mdogo wake wa kiume wa miaka mitano. Binti ana selimundu, ugonjwa ambao wengi wanauita siko seli. Kwa sababu hiyo, safari ambayo familia nyingine ingeipanga jioni moja kwa simu mbili tatu, kwao imechukua miezi minne.

Mang'ula kwenyewe ni mahali pa mapumziko, na hilo wenyeji hucheka wakilisema. Wageni huvuka bahari na kulipa fedha nyingi waje kulala kimya karibu na lango la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, wasikilize ndege, wapande hadi maporomoko ya Sanje yenye urefu wa mita 170 hivi. Wenyeji wengi hawajawahi kwenda mahali popote kwa ajili ya kupumzika tu. Wakisafiri, ni msiba, harusi au hospitali. Binti huyu, katika likizo zake tatu zilizopita, mbili alizimalizia wodini.

Moja ya hizo ilianzia Sanje kwenyewe. Ilikuwa ziara ya shule. Watoto walipanda kwa furaha, jua likiwa kali, na chupa yake ya maji ikaisha kabla hawajafika nusu ya njia. Juu kule wenzake waliingia kwenye kidimbwi chini ya maporomoko, naye akaingia. Maji ya mlimani ni ya baridi. Alirudi nyumbani akitetemeka, nguo mbichi mwilini, akisema amechoka tu. Saa saba usiku alianza kulia kwa maumivu ya miguu na mgongo. Alikaa wodini siku tisa.

Hakuna aliyemfanyia ubaya. Alifanya yale ambayo mtoto yeyote angefanya. Ila mwenye selimundu ana chembe nyekundu za damu ambazo, oksijeni ikipungua ndani yake, hujikunja na kuwa kama mundu, zikagandamana na kuziba mishipa midogo. Kiu, baridi, uchovu mkubwa na homa ndivyo huanzisha balaa hilo mara nyingi. Siku ile ya Sanje alikuwa na vitatu kati ya hivyo vinne kwa wakati mmoja.

Tangu hapo baba hataki kusikia neno "ziara".

"Mama watoto, kama ni kupumzika tupumzike hapa," alisema mkewe alipolitaja jambo hili mara ya kwanza, mwezi wa nane. "Au twende Mbagala kwa kaka. Akizidiwa, Muhimbili ipo."

"Mbagala ni kupumzika, baba watoto? Watu kumi na mmoja vyumba vitatu, na muziki wa baa mpaka asubuhi?"

"Basi Zanzibar. Kule kuna kila kitu."

Hapo ndipo walipoachana mawazo. Mama hakutaka kila kitu. Alitaka mahali ambapo mtoto ataamka asisikie kengele ya shule wala toroli la dawa likiburuzwa kwenye korido. Mahali pasipo na foleni. Binti naye alikuwa na hoja yake, na aliisema mara moja tu, akiwa amelala chali kwenye mkeka: anataka kuona maji ambayo hayana ng'ambo. Mto Kilombero, hata ukifurika masika, ng'ambo yake huonekana.

Wazo la Mafia lilitoka kwa mwalimu mwenzake aliyewahi kufanya kazi huko. Ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, kisiwa kikubwa kimoja na vidogo kadhaa, mbele ya mahali Mto Rufiji unapomwaga maji yake baharini. Hili la Rufiji lilimfurahisha mama kuliko alivyotarajia. Maji yanayoshuka Udzungwa na kupita nyuma ya nyumba yao huingia Kilombero, Kilombero hujiunga na Rufiji, na Rufiji hutokea karibu na Mafia. Alimchorea binti ramani kwenye daftari lilelile. "Kwa hiyo maji yetu yameshafika, sisi tu ndio bado," mtoto akasema.

Kisiwa hakina pilikapilika za Unguja. Mji wake ni Kilindoni, wenye soko, gati, uwanja mdogo wa ndege na hospitali ya wilaya. Upande wa mashariki kuna Utende na Ghuba ya Chole, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini. Ng'ambo kidogo kipo kisiwa cha Chole chenye magofu, mibuyu, mafundi wa mashua na popo wakubwa wala matunda wanaolala mchana wakining'inia mitini. Gari ni chache mno.

Mama alilitamani Chole tangu siku aliyoona picha zake. Alilizungushia duara mara mbili kwenye daftari.

Jambo la kwanza lililoamuliwa lilikuwa mwezi. Shule hufungwa Juni na Desemba, na Juni ndiyo ilikuwa rahisi kwa baba. Mama mkwe ndiye aliyeliharibu wazo la Juni. Bibi huyu ni Mndamba, amezaliwa ukingoni mwa Kilombero na kupiga kasia tangu akiwa mdogo kuliko mjukuu wake wa sasa, na hana hofu na maji. Ila alikuwa na ndugu aliyeolewa pwani, na kutoka kwake alijifunza neno moja: kusi. "Kusi likivuma bahari inasimama," alisema. "Mtoto atatapika mpaka nyongo."

Kwa mtoto mwingine kutapika baharini ni kero. Kwa huyu, kutapika ni kupoteza maji, na kupoteza maji ndiko kulikompeleka wodini. Upepo wa kusi huvuma katikati ya mwaka na kuichafua bahari, hasa Juni hadi Agosti. Desemba upepo umeshageuka kuwa kaskazi, na kwa kawaida chombo huenda kwa utulivu zaidi. Tena kuanzia Oktoba hadi Machi ndipo papa potwe huonekana karibu na Kilindoni. Desemba ikaandikwa, ikapigiwa mstari.

Jambo la pili lilikuwa njia, na hapa baba alishika bango. Ndege ndogo kutoka Dar es Salaam huchukua muda mfupi, lakini nauli ya watu wanne ingemeza akiba yote ya kikoba. Kilichobaki ni basi kutoka Mang'ula kupitia Mikumi na Morogoro hadi Dar es Salaam, kilomita kama 350, kulala Mbagala kwa kaka, kisha gari la kwenda Nyamisati, wilaya ya Kibiti, na kivuko kutoka hapo hadi Kilindoni.

Neno kivuko ndilo lililomnyamazisha baba kwa siku mbili. Watu wa bonde hili hawalisikii neno hilo kama wengine. Kabla daraja la Mto Kilombero halijakamilika, Ifakara na Ulanga viliunganishwa na kivuko, na Januari 2016 kilipinduka katika dhoruba. Baba alikuwa amevuka nacho wiki hiyo hiyo. Miaka miwili baadaye MV Nyerere ikazama Ukara, Ziwa Victoria, na zaidi ya watu 200 wakafa. Mtu mwenye kumbukumbu hizo huwezi kumwambia "usiogope" ukategemea imekwisha.

Mkewe hakumwambia hivyo. Alimpa kalamu nyekundu aandike mwenyewe masharti yake. Akaandika: tunapanda kivuko cha serikali, hatupandi mashua ya mizigo hata kikichelewa siku mbili. Hatupandi kikijaa kupita kiasi. Majaketi ya kuokolea ya watoto tunayaona kwa macho kabla ya kukaa. Baada ya hapo akaongeza mstari wa nne, ambao mkewe anasema ndio uliomwonyesha kwamba ameshakubali: tubebe ndimu na biskuti kavu za njiani.

Wazazi wengi wenye watoto wa selimundu wanajua jinsi kazi yote inavyomwangukia mama. Kliniki ni mama, dawa ni mama, na kukesha ni mama. Hata lawama. Nyumba hii nayo ilipitia miaka ya minong'ono kwamba ugonjwa umetoka upande wa mwanamke, mpaka muuguzi mmoja alipowaketisha wote, bibi akiwamo, akaeleza kwamba mtoto hawi na selimundu mpaka arithi vinasaba hivyo kwa baba na kwa mama. Kama wazazi wote wawili wamevibeba bila kuugua, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu, zaidi ya 10,000 kila mwaka kwa makadirio. Siku ile bibi alikaa kimya muda mrefu, kisha akaomba maji ya kunywa.

Safari ya kliniki Ifakara ya mwezi wa kumi ilikuwa tofauti kwa sababu baba alikwenda. Aliomba ruhusa kazini, akakaa kwenye benchi na daftari magotini. Daktari alipolitazama alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka na kulisoma ukurasa kwa ukurasa.

Hakuwakataza. Alisema mtoto wa selimundu anayeendelea vizuri anaweza kusafiri, na kumfungia ndani hakumkingi na lolote. Alitaka mambo machache tu yawe wazi. Wingi wa damu upimwe wiki ya mwisho kabla ya kuondoka, ulinganishwe na kiwango chake cha kawaida. Akipata homa au maumivu ndani ya siku saba kabla ya safari, iahirishwe bila mjadala. Kapsuli za haidroksiyurea na vidonge vya foliki asidi vihesabiwe vya siku zote na za wiki moja zaidi, na visiwekwe kwenye begi linalopakiwa chini ya basi. Maji anywe lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, yaongezwe jua likiwa kali. Kipimajoto kiwemo, na kikisoma nyuzi 38 au zaidi, aende hospitali saa hiyohiyo. Wasisubiri asubuhi, wala wasimpe panado wakidhani itapita.

"Na malaria?" baba akauliza. "Si wanasema wenye selimundu malaria haiwapati?"

Swali hilo huulizwa sana katika bonde hili, na jibu lake limewagharimu wengine watoto. Mwenye kinga kiasi dhidi ya malaria kali ni yule aliyerithi kinasaba kutoka kwa mzazi mmoja tu, kama baba na mama hawa wenyewe. Ndiyo maana vinasaba hivyo vimeenea sana sehemu zenye mbu wengi kama Kilombero. Aliyerithi pande zote mbili, yaani mgonjwa mwenyewe, malaria kwake ni hatari zaidi, kwa kuwa damu yake tayari ni chache na malaria huimaliza haraka. Ifakara watafiti wamekuwapo tangu miaka ya 1950, na katika miaka ya 1990 wilaya za Kilombero na Ulanga zilikuwa mstari wa mbele kueneza vyandarua vyenye dawa. Bado imani hiyo ya kinga ipo, hata kwa baba aliyekuwa akimlaza binti yake ndani ya chandarua kila usiku.

Daktari akaandika vidonge vya kuzuia malaria na kusema chandarua wabebe chao. Nyumba ya wageni inaweza kuwa nacho, lakini chenye matundu.

Mwisho akauliza swali ambalo daftari halikuwa nalo. "Mtalala wapi?"

"Chole," mama akajibu, kabla baba hajafungua kinywa.

"Usiku akianza maumivu, mtatokaje Chole?"

Mama alikuwa na jibu, lakini alipoanza kulisema akalisikia mwenyewe. Kutoka Chole ni mashua, na mashua husikiliza maji kujaa na kupwa. Ukishavuka, kuna barabara kutoka Utende hadi Kilindoni, kilomita kama 15. Mchana haya yote ni matembezi mazuri. Saa saba usiku, mtoto akilia kama alivyolia usiku wa Sanje, ni mashua, kisha kutafuta gari, kisha barabara.

Njiani kurudi Mang'ula hakuzungumza mpaka walipofika Kiberege. Baba naye alikuwa na busara ya kutosema neno. Jioni alifungua daftari, akaliacha duara la Chole lilivyo, akaandika pembeni yake: mchana tu. Watalala Kilindoni, nyumba ya wageni ambayo mtu hutoka kwa bajaji akafika hospitali dakika chache.

Kesho yake alipiga simu huko. Akapokea mama mwenye sauti ya pwani, maneno yake yakivutwa taratibu.

"Karibu sana dada. Mnakuja na watoto wawili? Hapa pametulia, mtalala."

Mama akauliza maji ya kunywa yanachemshwa au ya chupa, kama kuna maji ya moto ya kuogea, kama bajaji hupatikana usiku. Akaona bora aseme ukweli wote, akamweleza kuhusu binti. Upande wa pili pakawa kimya, kisha sauti ikasema: "Mjukuu wangu anayo hiyo. Wewe njoo. Mwenye bajaji anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa, nitakupa namba yake hata kabla hujafika." Kati ya majibu yote ya miezi minne, mama anasema hilo ndilo lililomfanya alale usingizi.

Papa potwe wamezua mjadala wao. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, huweza kupita urefu wa mita 12, na hula vijidudu na visamaki vidogo kwa kuchuja maji, wala hana shida na mtu. Huko Kilindoni watu hutoka na mashua na kuogelea karibu naye. Binti alishaamua kwamba ataogelea. Hilo limekataliwa, na amelia. Atamwona kutoka kwenye mashua, akiwa na koti dhidi ya upepo na chupa yake mkononi. Kuoga baharini ataruhusiwa ufukweni, maji yakiwa vuguvugu, kwa muda mfupi, na akitoka tu anafutwa na kuvalishwa nguo kavu. Mama ameandika taulo tatu. Mumewe amesema mbili zinatosha. Zimebaki tatu.

Popo wa Chole watatazamwa kwa mbali, na matunda waliyoyang'ata hayaokotwi. Hili ni la mdogo mtu, ambaye huokota kila kitu. Jambo ambalo karibu lisahaulike ni yeye. Katika familia yenye mgonjwa, mtoto mzima huzoea kuambiwa asubiri. Bibi ndiye aliyeuliza, "Na huyu mmemwandikia nini?" Wakatazama daftari zima na kukuta jina lake kwenye nauli tu, nusu tiketi. Sasa ana ukurasa wake. Ameomba mpira, na amekubaliwa siku moja na baba peke yake, wao wawili, kwenda kuona mafundi wanavyounda mashua.

Vitu vingine vimekwenda upesi. Kadi ya bima ya ualimu imo kwenye pochi pamoja na karatasi ya daktari yenye kundi la damu la mtoto, dawa zake na kiwango chake cha kawaida cha damu. Khanga zimo, kwa kuwa Mafia ni watu wa staha na mtu hatembei mitaani na nguo ya kuogea. Fedha za kikoba zinavunjwa Jumamosi. Bibi hasafiri. Anasema mbuzi hawawezi kuachwa, na kwamba bahari ataisikia wakirudi.

Siku tatu zilizopita binti alikohoa usiku. Mara mbili tu. Nyumba nzima iliamka, baba akaja na tochi, mama akachukua kipimajoto kutoka kwenye begi la safari lililokuwa limeshafungwa. Nyuzi 36.8. Hakuna aliyerudi kulala upesi. Baba aliketi kitandani akasema, kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie, kwamba bado wanaweza kuacha, fedha haijatoka.

"Tukiacha," mkewe akamjibu, "Januari akikohoa tutamwambia nini?"

Hakujibu. Alikwenda kuangalia kama chandarua kimechomekwa vizuri chini ya godoro.

Kipimo cha damu ni Jumatatu. Basi, kama majibu yatakuwa mazuri, ni Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi. Daftari liko mezani, na kwenye safu ya maswali binti ameongeza la kwake kwa mwandiko mkubwa: papa potwe analala saa ngapi? Pembeni ameweka chupa yake ya maji. Siku hizi anaijaza mwenyewe bila kukumbushwa, na jioni huiinua juu dhidi ya taa ili mama aone imebaki kiasi gani.